Rimu Nimezisugua kwa Majivu

Elia mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Umeondoka hapa mchana kwenda kumuaga bibi yako, umevaa shati la Jumapili na leo ni Alhamisi, na baiskeli umeiegemeza ukuta wa jikoni kama bibi harusi anayesubiri kuitwa. Mimi ni mzima, ila mgongo. Nimekaa juu ya kinu nilichokilaza, karatasi nimezichomoa katikati ya daftari lako la hesabu, zile ambazo hukuziandika. Usinikasirikie kwa karatasi. Lipo jambo kubwa zaidi la kunikasirikia na nitalifikia.

Sitakuandikia habari za kunawa wala za kusali wala za kulala mapema. Hayo nimekuimbia miaka kumi na sita. Kama hayakuingia kwa mdomo, kalamu haitayaingiza. Tena Mbozi Mission, unakokwenda kesho kujifunza useremala, wana kengele. Watakuamsha.

Nakuandikia habari za baiskeli.

Asubuhi nilikuona. Ulidhani niko shambani, nami nilikuwa nimerudi kufuata mbegu nilizosahau. Nilisimama nyuma ya kihenge nikakutazama. Fremu ulikuwa umekwisha kuizungushia vitambaa, chekundu na cha njano, kila pindo limelala juu ya mwenzake, kazi safi, nikasema moyoni huyu kweli atakuwa seremala. Kengele umeisugua. Madigadi umeyasugua. Kisha ukachukua kichupa changu cha mafuta ya nyonyo, ukachovya kitambaa, ukawa unazungusha gurudumu na kupaka rimu polepole, ya mbele, kisha ya nyuma, mpaka ukauona uso wako ndani yake. Ukacheka. Ukaisukuma hatua mbili, ukashika breki kuzijaribu. Hazikulia. Ukacheka tena.



Ningeweza kutoka nikakunyang'anya kile kitambaa. Sikutoka, kwa sababu ungeniuliza kwa nini, na jibu la hiyo kwa nini nimelificha miaka kumi na miwili. Nikarudi shambani bila mbegu. Ulipokwisha kuondoka nilichota majivu ya jikoni na mchanga wa mtoni, nikachukua magunzi mawili, nikazisugua rimu zako zote mbili, nje na ndani, mpaka mafuta yote yakatoka na mng'ao ukaondoka nayo. Vipira vya breki nimevichomoa, nikavikwaruza kwa jiwe, nikavirudisha. Sasa rimu ni za kijivu kama ulimi wa mgonjwa. Breki nimezijaribu. Zimelia mpaka kuku wamekimbilia kwa jirani.

Barua hii naifunga kwenye usukani ili uione kabla ya kuziona rimu. Isome yote.

Juzi uliniambia, "Mama, nitaondoka nayo kwa kuwa hakuna nyingine, lakini siwezi kupita gogoni ikiwa hivi. Mimi si mtoto tena." Jibu ndilo hili.

Gogo lile la mninga lililolala pale njia ya Msangano inapoiacha barabara kubwa unalijua, umelipita mara nyingi umenishika kiuno. Lakini ulikuwa mdogo, sheria zake hukuzijua. Kila mwenye baiskeli hushuka pale. Anayepanda kutoka bondeni na samaki au chumvi anapumua. Anayeteremka anakaza kamba za mzigo. Na mtu akishuka, baiskeli ndiyo husalimiwa kwanza, mwenyewe baadaye. Wanainuka wawili watatu wanaizunguka. Mmoja anainua gurudumu la nyuma, anazungusha pedali na kutega sikio kama mkunga. Mwingine anapitisha kidole kwenye mnyororo, anakinusa. Mwingine anajitazama kwenye rimu. Kisha hukumu inatolewa, na hukumu si ya baiskeli. Wakisema spoku zimelegea, maana yake nyumbani kwako kumelegea. Tandiko likichanika, mkeo hajui sindano. Nimewasikia kwa masikio haya wakimkatalia mtu mchumba kwa sababu ya madigadi.

Mkuu wao wakati huo alikuwa Lazaro, tarishi wa boma. Baiskeli yake ilikuwa ya serikali, nyeusi, ina taa na kifuko cha ngozi, na aliisugua asubuhi na jioni. Neno lake moja wote walikuwa wamelikariri: "Rimu ya mwanamume unajinyolea ndevu kwayo."

Siku ya kwanza nilipofika pale peke yangu baba yako alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Wewe ulikuwa nyuma kwenye keria, miguu nimeifunga kwa kitambaa isiingie kwenye spoku, na mbele nimening'iniza maharage. Nikashika breki. Zikalia kama zinavyolia. Lazaro akainuka, akavua kofia, akainama mbele ya baiskeli, si mbele yangu.

"Mulishani, mukwai," akaisalimu hujambo mheshimiwa kwa lugha ya ng'ambo, maana naye, kama baba yako, aliwahi kufanya kazi huko. Kisha akawageukia wenzake. "Huyu ni mjane, jamani. Mnasikia anavyolia?"

Gogo zima likacheka. Tangu siku hiyo jina la baiskeli yetu likawa Mjane. Nikitokea mbali nawasikia.

"Mjane huyo anakuja."

"Leo kalia mara ngapi?"

"Mara tatu, toka kanisani mpaka hapa."

"Anataka mafuta huyo. Akipata mtu wa kumpaka, atanyamaza."

Nami sikuwa bubu. Siku moja nilimwambia, "Shemeji Lazaro, ya kwako inang'aa kweli. Inabeba nini?"

"Barua za serikali."

"Ngapi leo?"

"Leo ni moja."

"Basi ipe pole, imechoka."

Mzee Andrea, yule mchuuzi wa samaki, alicheka mpaka akakohoa, akashika gogo. Andrea yeye baiskeli yake haikuwa na madigadi wala kengele, tandiko lilikuwa ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake, na kila mtu alikuwa amechoka kuihukumu. Walikuwa wanaipungia mkono tu. Lakini hakuna aliyempita akipanda na mzigo.

Kosa langu la kwanza lilianzia hapo, Elia. Mdomo wangu ulikuwa hodari, masikio hayakuwa hodari. Nilimjibu Lazaro nikashinda, watu wakacheka upande wangu, nami nikaenda nyumbani na neno lake, sikuenda na langu. Nikilala nasikia breki zinalia.

Na baba yako alikuwa ameniambia. Hilo ndilo linaloniuma. Alipoinunua kule kwenye migodi ya shaba ilikuwa inang'aa kuliko ya Lazaro, ina mistari ya dhahabu kwenye fremu. Siku ya tatu akaipaka lami yote, na mistari yake. Wenzake wa migodini walimwona kapatwa na kichaa. Akasema njia ni ndefu na mvua haijali mistari. Akaiendesha mpaka kwetu, akaingia uani kwa baba yangu na chombo cheusi kama sufuria ya msibani. Mama yangu akanivuta pembeni.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Na ile?"

"Ni baiskeli, mama."

"Aa," akasema, akaenda kukoka moto.

Kila Jumamosi baba yako aliipindua, akaishughulikia pale pasipoonekana. Gololi. Mnyororo. Vipira vya breki. Ndani ya rimu, upande ambao vile vipira vinashika. Ulipokuwa bado hujatembea alinifundisha kuiendesha, anakimbia nyuma yangu na kile kifua chake kibovu, na aliponifundisha kuitunza alisema maneno machache tu: panapozunguka, mafuta, panaposhika, pakavu. Nikamuuliza mbona inalia. Akasema inalia kwa sababu inashika. Nilimwelewa vizuri kabisa. Kumwelewa hakukunisaidia siku nilipotakiwa kumsikiliza.

Ilikuwa hivi. Baada ya mavuno baba yako mdogo Yosia alikuja, ana mzee mmoja wa ukoo. Walikaa, wakanywa togwa yangu, wakaisifu. Kisha akasema, "Shemeji, hatuna ugomvi na wewe. Lakini chombo cha marehemu kinaharibika. Gogoni wanasema. Kina kutu, kinalia njia nzima. Mwanamke hawezi kutunza baiskeli."

"Inanibeba, shemeji."

"Inakubeba leo. Jumapili baada ya ibada wazee watakuja kuitazama. Wakiona imetunzwa, kaa nayo. Wakiona kutu, nitaichukua mimi niitunze kwa ajili ya mtoto. Na wewe na mtoto mje pale kwangu, nafasi ipo."

Nafasi ipo. Nilijua nafasi gani. Mkewe alikuwa ananisalimia tayari kama mtu anayemwonyesha mwingine mahali pa kuweka jiwe lake la kusagia. Bila baiskeli sifiki Msangano, nisipofika Msangano hakuna biashara, na bila biashara mlango uliobaki ni wa Yosia. Huo ndio uzito uliokuwa juu ya yale magurudumu mawili, na ndiyo maana sitaki ufikiri mama yako alitaka urembo. Nilitaka kubaki na nyumba yangu.

Sasa tazama ujinga. Ningeweza kuwaambia wale wazee, zungusheni pedali msikilize, shikeni breki muone, pakieni debe mbili mpande nayo. Ilikuwa nzima kabisa. Badala yake nikafikiri kama gogo. Nikafikiri kutu na kilio. Alhamisi nikasugua kila kitu, na kila kilichoota kutu nikakipaka nyonyo, na rimu nikazipaka nyonyo nje na ndani, kwa kitambaa, polepole, kama wewe asubuhi ya leo. Nikajitazama ndani yake. Nilikuwa bado mzuri wakati ule. Nikashika breki hazikulia, nikasema kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Ijumaa nilikuwa na maharage ya kupeleka Msangano. Ningeweza kuahirisha. Nilitaka gogo lione.

Likaona. Lazaro aliizunguka mara mbili, akachuchumaa, akapapasa ndevu zake kwenye rimu. "Mjane kaolewa," akasema. "Hata kulia kaacha."

"Nani mwenye bahati?" mwingine akauliza.

"Mimi mwenyewe," nikajibu, nao wakapiga makofi.

Nikacheka nao. Nataka ulijue hilo hasa. Nilicheka nao, nikajiona mwepesi, nikaondoka nikipiga kengele bila sababu.

Unakumbuka kidogo pale njia inapoanza kuinama kwenda bondeni, penye jiwe kama kiti? Pale nilishika breki. Kimya. Hata wakati huo sikuelewa, nilifurahia ukimya wenyewe. Nikashika zaidi. Ilikuwa kama kushika mkono wa mtu aliyelala. Nyuma yangu wewe ulikuwa umefurahi, unanipiga mgongoni, "Mama, ongeza. Mama, ongeza." Nikatupa miguu chini, kiatu kikang'oka. Kwenye kona ya pili tukaiacha njia.

Maharage yalimwagika mteremko mzima. Mimi nilichubuka tu. Wewe ulikuwa chini ya baiskeli, kimya, macho wazi, na kiwiko chako cha kushoto kimetazama upande ambao kiwiko hakitazami.

Aliyetukuta ni Andrea, anapanda, anasukuma samaki wake. Alikata fito, akachuna magome, akakufunga mkono, na ulipolia alikwambia lia, lia vizuri, anayelia yuko hai. Akakupa kipande cha samaki mkavu ushike. Kisha akaiinua baiskeli, uma wa gurudumu la mbele umepinda. Akapitisha kidole ndani ya rimu. Akakinusa.

"Nyonyo," akasema.

Nikaanza kuokota maharage.

"Nani alikuambia upake?"

"Hakuna. Wote."

Akatazama juu, kule gogo liliko. Kisha akachota mchanga, akaanza kuisugua rimu, taratibu, kama mtu anayeosha mtoto. Akazungumza bila kunitazama. "Mama Elia, Jumapili wanakuja kuitazama, nimesikia. Wakijua umepaka panaposhika, watasema mwanamke ni mwanamke, na baiskeli imekwenda. Wakidhani imeoza yenyewe, hakuna atakayeitaka."

"Watasema mume wangu alinunua kitu kibovu."

"Mumeo amelala. Wewe na huyu mnakula."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, Elia, sikufikiri hata muda wa kupenga kamasi.

Jumapili wakaja. Baiskeli nimeiweka uani na uma wake uliopinda, wewe umelala ndani, mganga wa mifupa amekwisha kuja mara mbili. Yosia akalipiga teke gurudumu. "Marehemu aliuziwa chuma kibovu huko ng'ambo," akasema. "Tazameni, breki zimeoza, zimemlemaza mtoto wake mwenyewe. Mimi sikiingizi nyumbani kwangu. Shemeji, kaa nacho." Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akatema mate. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni, na ndani yangu nilikuwa naimba.

Ndivyo nilivyoshinda. Nilimsingizia maiti, nikashinda. Andrea alinyoosha uma kwa nyundo na moto, na tangu hapo baiskeli ile imekulisha, imekuvisha, imekupeleka shule na kukurudisha. Kwa kushinda kule siombi msamaha kwa mtu yeyote. Ikirudi siku ile, na wazee wale wako mlangoni, nitaiweka uani vile vile na kuinamisha kichwa vile vile. Nyumba hii ni yangu na wewe ulikulia ndani yake.

Ninaloomba ni hili jingine. Ulipokuwa na miaka kumi ulirudi kutoka shule umevimba macho, walikuwa wamekuita Ndoano kwa ajili ya mkono. Nilikuwa nasonga ugali. Ukasimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, kwa nini baba alituachia chuma kibovu?" Nikashika mwiko. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema. Nikakwambia, "Kula."

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Mafuta yalikuwa ujinga wa siku moja. Kula nimekuwa nakwambia mpaka leo. Kila ulipoitukana ile baiskeli nilikutengea chakula. Kila ulipokataa kuisafisha nilisema mtoto amechoka. Nimekuona ukipita kaburi la baba yako bila kugeuza shingo, nikasema vijana ndivyo walivyo.

Basi sikia. Baba yako hakununua chuma kibovu. Alinunua kizuri, akakitunza pasipoonekana, akamwambia mkewe maneno machache ya kukitunza, na mkewe akasikiliza gogo. Mkono wako niliupinda mimi. Ukiwa na hasira, ije kwangu, nina mahali pa kuiweka. Yeye mwache, ameibeba ya bure muda mrefu. Kesho utapita kaburini kabla ya kuifikia barabara. Sikuamuru usimame. Nakwambia tu liko upande wa kulia, na majani nimeyafyeka.

Nimeutazama sana huo mkono wako. Haunyooki, lakini unashika. Uliposhikilia ubao wa mlango wa kuku mwaka jana, mimi napiga msumari, haukutikisika hata kidogo. Fundi wa Mbozi akikutazama kwa jicho la gogoni, mpe ubao ushike.

Maana gogo liko kila mahali. Hata huko watatoka kwenye mabweni waizunguke baiskeli yako kabla hawajakuuliza jina. Sikwambii uwachukie. Mimi mwenyewe nimekaa juu ya gogo lile miaka hii, nikanywa maji yangu, nikacheka tandiko la mtu. Ni tamu, sikufichi. Mtu aliyechoka akiona mnyororo wa mwenzake umekauka anapumzika kidogo. Lakini wakati nacheka sijawahi kuujua mteremko wa yule mtu, wala mzigo wake, wala nani anakuja kwake Jumapili. Nao hawakuujua wangu. Lazaro aliponiambia mjane anataka mafuta hakuwa na ubaya, alikuwa na nafasi tu.

Na unajua, yule Lazaro hana baiskeli tena. Alipoacha kazi boma walichukua ya kwao, na taa yake na kifuko chake. Anakuja gogoni kwa miguu. Bado anahukumu. Wiki iliyopita aliniambia spoku zangu zimelegea. Nikamwambia, "Shemeji, na viatu vyako je?" Akacheka, maskini, akanisogezea nafasi nikakaa.

Vitambaa vyako sijavigusa. Ni vizuri, vinaipendeza ile lami, na havishiki wala havizunguki, kwa hiyo fanya unavyotaka. Pindo moja karibu na usukani ulilikosea, nimelishona. Kengele iache ing'ae. Mimi si adui wa kung'aa. Rimu tu ndizo sizitoi. Ukizipaka tena jioni hii, nitaamka kabla yako nizisugue tena, na majivu hayaniishi, kila siku napika. Kichupa cha nyonyo nimekifunga kwenye keria pamoja na mabaki ya tyubu. Ni cha mnyororo na gololi. Panaposhika unajua.

Ukimaliza kusoma njoo jikoni. Nitakuwa napepeta, mgongo nimeugeuzia mlango, kwa sababu sitaki kuutazama uso wako unavyoingia. Ukiwa na neno, liseme. Ukiwa huna, chukua ungo wa pili ukae. Lakini safari hii, Elia, ukiniuliza jambo sitakwambia kula.

Na kesho ukifika gogoni usiteremke. Watakuwa wamejaa, ni siku ya kwenda Msangano, na Lazaro atakuwa mwisho wa gogo upande wa kivuli. Watakuona mbali, vitambaa vyekundu na rimu za kijivu, watacheka kabla hujafika, na mmoja atasema Mjane huyo. Waache wainuke. Wakiwa wote wamesimama, shika breki zote mbili kwa nguvu, ule mkono wa kushoto na huu wa kulia. Zitalia mpaka wazibe masikio. Zilie. Mimi nitakuwa nimesimama uani, pengine nitasikia.

Kisha achia, uende.

Ni mimi niliyekuangusha, nikakuokota,
Mama yako.